Mwongozo wa Kuitumia Baridi ya Othaya Ipasavyo

Mwongozo huu ni wa mgeni atakayepanda Othaya kati ya Juni na Agosti: mkwe kutoka Mombasa, rafiki wa mtoto wa chuo, au mzaliwa wa hapa aliyekaa Nairobi hadi akasahau. Utaambiwa ulete koti. Lete, lakini koti si hoja. Katika msimu huu, ambao wazee huuita gathano, baridi ni kisingizio cha ukoo mzima, na kimegawanywa tangu zamani. Mgeni asiyeijua mipaka ya mgao atakosana na watu ambao hajawahi hata kuwasalimia.

1. Jua baridi imetoka wapi

Miezi hii pepo za kusini mashariki huja na unyevu wa Bahari ya Hindi, zikafika nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa na kukwama. Mawingu hutanda chini kutwa, jua halipenyi, na manyunyu hayanyeshi wala hayaachi. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Wewe wa Mombasa, elewa kwamba upepo huo ulipita kwenu kwanza. Usishangae ukiulizwa kwa nini hamkuuzuia.

Hata hivyo, usitamke kwamba Othaya kuna baridi. Sema, "Leo kuna kabaridi," kisha uongeze kwamba Nyahururu ndiko kubaya. Ukikosa la kusema, tazama upande wa Mlima Kenya. Hutauona. Umejifunika mawingu kwa siku kadhaa na hakuna aliyeuuliza unaamka saa ngapi.

2. Heshimu mgao

Guka, yaani babu, ndiye mwenye hisa nyingi. Anaruhusiwa kubaki kitandani hadi uji wa wimbi umfuate huko, kuvaa makoti mawili na kofia ya marvin mezani, na kukosa mkutano wa ushirika kwa sababu ya magoti. Baba anaruhusiwa kuahirisha kazi yoyote inayohitaji ngazi, hasa lile bati linalovuja, "hadi kukauke." Watoto wakifunga shule Agosti wanaruhusiwa kulala hadi saa mbili, lakini siku ya kwanza tu.

Cucu, yaani nyanya, hakupewa kitu. Huamka saa kumi na moja, huwasha moto, na akiulizwa kama hasikii baridi huuliza baridi gani. Mama naye yuko njiani kufika hapo. Ukiuona mgao huu hauna haki, umeona sawa. Lakini toa maoni yako ukiwa umebeba kuni.

3. Oga pasipoti

Maji ya kuoga huchemshwa kwenye sufuria, sufuria ni moja, na watu ni wengi. Ndiyo sababu ya kuoga pasipoti: huoshwa kile tu ambacho kingeonekana kwenye picha, na miguu ikiwa kuna wageni. Kisha jipake mafuta kwa ukarimu. Ngozi iliyopauka ndiyo ushahidi pekee ambao mama huutafuta, na mtoto anayeng'aa huachiliwa bila maswali.

4. Tafuta kiti jikoni

Sebule ina makochi yenye vitambaa, nawe utaelekezwa huko kwa heshima. Kataa. Wenye nyumba wote wako jikoni, wameuzunguka moto wa kuni za mkima, chini ya sweta za shule zilizoshindwa kukauka nje na ambazo Jumatatu zitamwambia mwalimu nani hupika kwa kuni.

Kiti kina bei. Guka atakusimulia jinsi Kibaki alivyoacha kiti cha Bahati, Nairobi, mwaka 1974 akaja kugombea Othaya, akakaa bungeni hadi 2013. Atapitia kura za urais alizoshindwa, 1992 na 1997, kabla ya kufika 2002 aliposhinda. Usimkatize akiwa 1992. Ataanza tena 1974.

5. Kunywa usihesabu

Chai huchemshwa pamoja na maziwa, hutiwa kwenye thamosi, na thamosi ikiisha huchemshwa nyingine. Ukiwa unakunywa, usiulize majani yametoka wapi. Familia imeyachuna yenyewe, ikayapeleka kiwandani, Iriaini, Gitugi au Chinga. Mengi yakateremka hadi mnadani Mombasa, na pakiti hii imenunuliwa dukani kama pakiti nyingine yoyote. Swali hilo huharibu ladha. Omba githeri ya mahindi mabichi badala yake.

6. Jihadhari na wasioelewa visingizio

Wapo wawili. Wa kwanza ni ng'ombe, ambaye hukamuliwa alfajiri bila kujali kabaridi. Wa pili ni mchai. Baridi huchelewesha chipukizi, kilo hupungua, lakini siku ya kuchuna haihamishwi. Utafungwa nailoni kiunoni, utapewa kikapu na kuonyeshwa majani mawili na chipukizi, mengine yaache. Mchai uliolowa utakulowesha hadi kifuani ndani ya dakika chache. Hapo ndipo utakapoona baba, yule wa ngazi, akichuna kwa mikono miwili bila neno, kwa sababu mizani ya kituo cha majani haisikilizi habari za hali ya hewa.

7. Toa jiko nje

Hapa hakuna mzaha. Jiko la makaa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi huleta habari za watu waliolala nayo wasiamke. Fungua dirisha jiko likiwa ndani, na litoe kabla ya kulala. Atakayesema, "Acha kidogo, kuna baridi," mpe blanketi. Mgao hauna kisingizio hicho, hata kwa guka.

8. Ondoka kwa wakati

Oktoba visingizio hurudishwa. Bonasi ya majani chai hulipwa, mama hutoa orodha aliyoiandika tangu Juni, na bati linalovuja huwa namba moja. Lakini mvua za vuli nazo zimeanza, na baba atawaeleza wote, kwa utulivu wa mtu aliyelifikiria jambo hili kwa miezi mitatu, kwamba hakuna mwenye akili timamu anayepanda ngazi yenye utelezi. Mgeni mwerevu huaga Septemba, kabla hajaonwa kuwa kijana na mwepesi.