Elimu ya Utosini

Elimu nyingi hudai karo. Hii ninayoisifu leo haidai hata kalamu: unaketi kwenye benchi nje ya kinyozi, karibu na steji mjini Nyeri, unatazama vichwa vikipita, na kufikia saa sita umeshajua nani mwizi, nani ameachwa, na nani hatalipa deni la chama. Hujamsalimia mtu hata mmoja. Nitajieni chuo kinachofundisha kwa kasi hiyo.

Mwalimu wangu ni tata, shangazi yangu anayeuza viazi soko la Karatina. Hatazami mfuko wa mteja, hutazama utosi. Mwanamume aliyenyoa Jordan, kichwa kinang'aa kama sufuria mpya, ni wa kuaminika. Ila akinyoa hivyo kabla ya miaka arobaini anaficha upara, na mwenye kuficha upara huficha na mshahara. Mwanamke aliyekata nywele zote ghafla kuna mtu amemwacha. Ngoja wiki moja utasikia ni nani. Kijana wa rasta anavuta bangi. Asipovuta, anaficha. Mwenye mvi asiyepaka rangi ana shamba. Siku moja alikuja mama mwenye misuko mipya, imekazwa hadi nyusi zimepanda. "Huyo usibishane naye bei," tata akaninong'oneza. "Mpimie aende. Ana hasira."

Na hapo, msomaji, elimu yetu ilipata kabisa. Mtu aliyesukwa jana hulala kifudifudi, hujipigapiga kichwa kwa kiganja kwa kuwa kujikuna hakuwezekani, na humeza dawa ya maumivu kabla ya chai. Hasira anayo kweli. Kwamba imetoka vidoleni mwa msusi, si katika tabia yake, ni jambo dogo lisilopaswa kutuharibia ushindi.

Wanaouita huu umbea wa sokoni hawaujui ukoo wake. Makaburini mwa kanisa la St Peter's, hapa hapa Nyeri, amelala Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyemalizia maisha yake katika nyumba ya Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akafa Januari 1941. Kitabu chake cha mwaka 1908 kiliwafunza wavulana kumjua mtu kwa namna anavyovaa kofia: ikiinama kidogo upande mmoja, huyo ni mpole, ikiinama mno, ana majivuno, ikisukumwa kisogoni, ni mzito wa kulipa madeni. Tata hajawahi kukiona kitabu hicho. Wawili hawa wamefika kituo kimoja kwa matatu tofauti, na mkitaka ushahidi mwingine mna kiburi.

Serikali ya mkoloni nayo iliitukuza elimu hii. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952 ili kuwazima wapiganaji wa Mau Mau, nywele ndefu zilizosokotana zilitosha kumtia mtu msituni hata kama alikuwa ametoka kukama ng'ombe. Watu walipangwa mstari, na mbele yao akawekwa gakunia, mtoa habari aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, atikise kichwa kwa huyu na yule. Oneni busara: aliyepewa kazi ya kuhukumu vichwa alifunikwa chake kwanza. Kisha kukawa na maafisa wa Kizungu waliojipaka weusi, wakavaa mawigi na kuingia msituni pamoja na wapiganaji waliogeuzwa, wakijifanya Mau Mau. Elimu inayoweza kumfanya Mwingereza kuwa mtu wa msitu wa Nyandarua kwa nywele za kuazima, nani ataidharau?

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, na picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya mtu aliyelazwa chali, rasta zake zimetanda. Ilikusudiwa tuone mhalifu. Tangu 2007 rasta hizo zimesimama kwa shaba katikati ya Nairobi, na hakuna askari anayezidai kitambulisho. Kijana anayepita chini ya sanamu hiyo na nywele kama hizo ndiye hudaiwa.

Mpiganaji mwenzake, Field Marshal Muthoni wa Kirima, alitoka msituni uhuru ulipopatikana, 1963, na rasta zake akakaa nazo hadi tarehe 2 Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza, alipozikata hapa Nyeri. Ilikuwa miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu. Basi wataalamu wakamiminika! Mkasi mmoja ukasomwa kuanzia Othaya hadi Nanyuki: huyu akaona baraka, huyu laana, huyu kampeni. Kwamba mama wa miaka tisini na zaidi huenda amechoka kubeba uzito ule shingoni, hilo halikuwa na wasomi wengi.

Upungufu wa elimu hii ni mmoja tu: mwezi wa Julai. Baridi ya Nyeri ikishuka, kila mtu huvaa boshori hadi masikioni, mwizi na mzee wa kanisa wakafanana, ikabidi tuongee na watu ndipo tuwajue. Ni mwezi mrefu.

Mimi boshori yangu huwa naivuta hadi kwenye nyusi. Nina deni la chama, na mweka hazina ni tata. Ukinikuta Karatina imenirudi kisogoni, tafadhali, nivutie mbele.