Ubao Usiomjua Mwizi

Lushoto, kwenye milima ya Usambara, kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Huko vijana hufundishwa kwamba shauri huandikwa: tarehe, mlalamikaji, mshtakiwa, hukumu. Vizuri sana. Sasa nenda chuo chochote nchini, uliza ni kompyuta mpakato ngapi ziliibwa hosteli mwaka jana. Au blanketi, maana kwa baridi ya Usambara, blanketi likianuliwa na asiye mwenyewe ni jinai nzito. Mlezi atatabasamu: "Mwanangu, hapa pana amani."

Marekani, sheria ya Clery ya 1990 inavilazimisha vyuo kuchapisha takwimu za uhalifu kila mwaka. Sisi tuna ubao wa matangazo. Wadaiwa wa ada wamo, kwa majina na herufi nene. Mwizi hayumo, huyo hutunziwa heshima. Hata rushwa ya ngono katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam (UDSM) na Dodoma (UDOM) ilinyamaziwa, mpaka TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, walipoifanyia utafiti, ripoti ikatoka 2020.

Waheshimiwa wakuu wa vyuo, bandikeni na takwimu za wizi. Gundi tutachanga sisi wazazi.