Nafasi Tatu

Jana saa kumi jioni niliifuta kompyuta ya kazini mbele ya bosi, aliyesimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai, akitaka kuona kazi imefikia wapi. Niliandika sudo make safi, skrini ikanyamaza, kisha nikaandika ls. Ikajibu haiijui amri hiyo. Nikajaribu cat. Haiijui. Nikajaribu rm yenyewe, mhalifu wetu: naye alikuwa amejifuta pamoja na wengine.

"Bwana mdogo," bosi akasema taratibu, "ndivyo inavyokuwaga?"

Kosa lilikuwa mstari mmoja kwenye Makefile:

LENGO = /tmp/kifurushi   # ya muda tu

Make hukata nafasi zinazotangulia thamani ya kigeu. Zile za nyuma, kati ya thamani na maoni, huzitunza kama amana. Kwa hiyo rm -rf $(LENGO)/usr ikafuta vitu viwili: /tmp/kifurushi, halafu /usr nzima, na kwenye Linux nyingi za siku hizi hata /bin ni kiungo tu cha kukupeleka humo humo.

Kinachoniuma ni kwamba asubuhi nilikagua. Niliweka echo $(LENGO), ikatoka /tmp/kifurushi, safi kama kanzu ya Idi. Kumbe sheli huzila nafasi hizo kabla echo haijaziona! Ilipaswa niandike $(info [$(LENGO)]), ambayo Make huichapa yenyewe bila kupitia sheli: [/tmp/kifurushi   ]. Mabano yanaziumbua. Kuna pia $(origin LENGO), inayokutajia kigeu kilikotoka: kwenye faili, kwenye mazingira au kwenye mstari wa amri. Na make -p humwaga kila kitu, hadi kanuni za kukompaili Fortran ambazo hakuna aliyeziomba.

Stuart Feldman aliiandika Make ya kwanza Bell Labs mwaka 1976, na tangu hapo tunapigishwa magoti mbele ya tabo. Anza mstari wa amri kwa nafasi nane, GNU Make inagoma, tena inakuuliza kama ulikusudia tabo. Yaani nafasi inaziona! Inazihesabu! Lakini tatu za mwishoni, zinazoua kompyuta, inazipitisha kimya, kama inavyopitisha kigeu kisichokuwepo kabisa na kukuachia utupu.

Mwezi uliopita niliandika $PREFIX bila mabano, Make ikasoma $P na kuniachia folda iitwayo REFIX. Mteja anadhani ni jina la bidhaa.