Hifadhidata ya Kurasa Tano

Hongera, mheshimiwa mkurugenzi. Tovuti ya ofisi yako ina kurasa tano, na wa mwisho unatoa namba ya simu isiyopokelewa. Kwa mzigo huo umefungiwa WordPress na hifadhidata yake ya MySQL. Umekodi lori kuhamisha mkeka. Kila mgeni akibisha, seva inakwenda kuiuliza hifadhidata, inasubiri jibu, kisha inapanga upya maneno yale yale ambayo hayajaguswa tangu siku ya kukata utepe.

Wengine walishaukataa usumbufu huu. Programu ya DokuWiki, tangu mwaka 2004, huweka kila ukurasa kama faili la maandishi matupu. Grav nayo ni hivyo hivyo: unaandika kwa Markdown, unahifadhi, basi. Ukitaka kuhama seva, unanakili folda. Hugo na Jekyll zimepiga hatua zaidi, kurasa zinatengenezwa mapema na seva inabaki kugawa tu. Mdukuzi aliyekuja na ujanja wake wa kuichokonoa hifadhidata kwa SQL hana pa kuupeleka.

Lakini najua, faili la maandishi halina hadhi. Halizai mkataba wa matengenezo wa kila mwaka, wala semina ya hotelini yenye posho. (Mwenye duka la bidhaa elfu kumi na hifadhidata yake, huyo sina ugomvi naye.)

Wewe, mheshimiwa, kabla hujasaini ankara ijayo, mwulize fundi wako: ukurasa wa "Kuhusu Sisi" unatafuta nini ndani ya hifadhidata?