Mtu wa Tatu

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikimkatia bima mtu nisiyemjua. Safari hii nimelipa 118,000. Laki moja ni ya bima yenyewe, na 18,000 ni VAT, maana hata hofu ya ajali nayo inakatwa kodi. Hiyo ndiyo bima ndogo. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hairuhusu gari liguse barabara kabla hujamkatia bima mtu wa tatu. Wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yeyote utakayemparamia. Gari lako mwenyewe halimo katika hesabu hiyo. Likibondeka, utajuana nalo.

Mke wangu, Mama Zuhura, aliwahi kunishauri nikate bima kubwa. Ajenti alikuja nyumbani, akaeleza kwamba ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha akatoka nje kulipiga picha. Akalizunguka mara mbili. Akauliza ni la mwaka gani, nikamwambia. Akarudisha simu mfukoni. “Mzee, wewe baki tu na bima ndogo.” Hata chai hakumaliza.

Basi mwezi Machi nimesimama kwenye taa za Buguruni, nimetulia, nangoja kijani. Bajaji ya bluu ikaja kwa nyuma ikaingia kwenye bampa kama inarudi nyumbani kwake. Pwaa! Taa ya kushoto chini. Nikashuka na hasira zangu zote. Nilipofika hatua ya tatu nikasimama. Ngoja kwanza. Miaka yote hii nimemlipia mtu wa tatu, leo mtu wa tatu si mimi? Nusura nimkumbatie yule kijana.

“Shikamoo mzee, nisamehe, breki.”

“Marahaba, dogo. Bima unayo?”

“Ninayo, mzee.”

Afande wa trafiki akafika, akaingiza namba ya bajaji kwenye simu yake, na kabla hajamaliza kujifuta jasho jibu likaja: bima ipo, ni hai. Hapo niwe mkweli, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imefanya kazi. Zamani kioo cha mbele cha gari kilikuwa ubao wa matangazo. Kulikuwa na stika ya road license, mpaka 2017 ada hiyo ilipofutwa na Serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 40 katika kila lita ya mafuta, ili nisiikumbuke lakini niendelee kuilipa. Kulikuwa na stika ya bima, na karibu yake biashara ya stika za kughushi. Mwaka 2021 stika za karatasi zikaondoka, zikaja za kielektroniki. Sasa kioo changu ni cheupe, naona hadi mashimo ya barabara ninayoyaingia.

Nikadhani mambo yote ya bima sasa yanakwenda kwa kasi ya simu ya afande. Nikaenda ofisi ya kampuni iliyomkatia bima yule kijana. Siitaji, maana bado nina kesi nayo na sipendi kesi mbili. Binti wa mapokezi alinipokea kwa tabasamu.

“Pole sana, baba. Umekuja na nakala ya cheti cha bima cha aliyekugonga?”

“Si mnacho nyie kwenye kompyuta? Afande kakiona barabarani.”

“Tunaomba kilichochapishwa. Cha rangi.”

Nikarudi na cha rangi. Akaomba fomu za polisi, nazo majina yake ni kama ya magari ya jeshi: PF 90, PF 93, PF 115. Mimi nilikuwa naijua PF 3 peke yake, ile ya mtu aliyeumia, na kwa kweli nilikuwa nimeanza kuihitaji. Gari likakaguliwe, ramani ya ajali ichorwe, mhuri upigwe. Mchoraji wa ramani yuko doria. Mwenye mhuri yuko semina. Wiki ya tano nikarudi na bahasha imenona.

Binti akaipekua karatasi moja moja. “Baba, hukumu haipo.”

“Hukumu ya nani?”

“Ya dereva. Lazima mahakama iseme yeye ndiye mwenye makosa.”

Ndugu msomaji, mimi nilikuwa nimesimama. Taa nyekundu. Kugongwa kwa nyuma. Lakini sawa. Nikampigia dogo, nikamwomba aende mahakamani akakiri kosa. Sijawahi kumbembeleza mtu namna ile, hata mahari sikuipunguzisha kwa sauti laini hivyo.

“Mzee, nikishinda mahakamani, hesabu ya bosi nani anapeleka?”

Hesabu ya siku ni 20,000. Nikampa. Siku hiyo hakimu akawa na udhuru, kesi ikaahirishwa. Mara ya pili nikampa tena 20,000 na supu ya asubuhi juu yake. Faili halikuonekana. Mara ya tatu simu yake haikupatikana. Fundi alikuwa ameniambia tangu mwanzo kwamba taa ya mtumba pale Gerezani pamoja na kunyoosha bampa haizidi 180,000. Nikijumlisha hesabu za bosi, supu, nakala za rangi na mafuta ya kuzunguka, nimeshaivuka, na taa bado imeshikiliwa na selotepu.

Jirani yangu, mstaafu anayependa kusoma sheria kama wenzake wanavyopenda bao, akanituliza. Sheria ipo, akasema. Kampuni ina siku 45 tu kulipa fidia. Nikafurahi, nikaenda nikaidai siku yangu ya 45, kumbe nilikuwa nimeshafika ya 90.

“Siku 45 zinaanza nyaraka zikikamilika, baba,” binti akasema, bado anatabasamu. “Zako bado hazijaanza.”

Na ninapotakiwa kulipa mimi, siku zao huanza lini? Bila malipo hakuna bima, hata kwa dakika moja. Kadi ya gari yangu wanaisoma kwa namba tu. Fedha inatoka kwenye simu, stika inaingia kwenye mtandao, mwisho. Mtandao huo huo, ninapodai mimi, unageuka bahasha ya kaki.

Jirani anasema nikishindwa nao niende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa kwa Sheria ya Bima ya 2009. Nitakwenda, ila nahofia ataniuliza kama hukumu ninayo. Mama Zuhura naye ameanza wasiwasi wake. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na mwaka uliofuata sheria ikayaweka masoko ya umma na majengo ya biashara kwenye orodha ya bima za lazima. Ni jambo la maana, kwa kweli, anayebisha hajawahi kupoteza mzigo. Yeye ana genge lake la nyanya, na ananiuliza: siku moto ukiwaka, nani atapelekwa mahakamani akakiri?

Jana usiku nimepata ujumbe kwamba bima yangu inaisha baada ya siku saba. Nimelipa palepale kitandani. Imechukua dakika mbili.

Dogo wa bajaji ya bluu, kama kuna abiria ameliacha gazeti hili kwenye kiti chako, kesi yetu inatajwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Njoo ukiri, mwanangu. Hesabu ya bosi nitaleta.