Dumu Kwenye Buti

Jamaa yetu wa Carina kapita tena asubuhi hii, mvuke umetangulia, gari inafuata. Kasimama mbele ya kijiwe, na msidhani katuheshimu. Gari ndiyo iliyomsimamisha. Akazunguka nyuma, akafungua buti, akatoa dumu la lita tano. Mtu mzima anatembea na dumu la maji kama anakwenda msalani! Nikasonya. Mzee wa kahawa naye akasonya, na yule mzee hasonyi bure.

"Haina shida," jamaa akasema, "inakunywa maji tu."

Inakunywa! Kwani gari ng'ombe? Maji ya rejeta hayanyweki, yanazunguka: yanabeba moto wa injini, yanapozwa kwenye rejeta, yanarudi. Ukiona kila siku unaongeza lita mbili, ujue kila siku lita mbili zinatoka mahali. Sasa mahali penyewe ni wapi? Hilo hakuna aliyeuliza. Mmoja kasema rejeta imeziba. Mwingine kasema feni. Kijana wa bodaboda, ambaye hajawahi kumiliki kitu chenye tairi zaidi ya mbili, akamaliza kesi: "Ng'oa themostati, Bongo joto, haina kazi."

Hapo nikasonya tena, na msonyo huu ulikuwa mrefu.

Kile kidude kimeonewa mno nchi hii. Kinayazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, nyuzi 82 au 88 hivi, ndipo kinafunguka. Na kwenye injini nyingi kikifunguka kinaziba pia njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiking'oa umeiacha njia hiyo wazi. Sehemu ya maji inarudi na moto wake, halafu unashangaa gari inachemsha kuliko jana. Fundi akikwambia themostati imekufa, usibishane naye. Omba sufuria. Itumbukize kwenye maji yanayochemka. Isipofunguka, kanunue nyingine. Ikifunguka, mwambie fundi aendelee kutafuta.

Mimi nisionekane mjuaji. Nimesomeshwa na Corolla yangu, na ada nililipa. Tulikuwa tunapanda mlima wa Kitonga, malori mbele yanatambaa, mshale wa joto ukapanda hadi juu. Halafu ghafla ukaporomoka chini kabisa. Nikashangilia, imepoa! Kumbe kihisi kinachopima joto kinatakiwa kiwe ndani ya maji. Maji yamekwisha, kimebaki kinapima hewa. Nikakanyaga mafuta kwa furaha. Kona mbili mbele, injini ikazima.

Nikashuka na kitambaa mkononi nifungue mfuniko wa rejeta. Tingo wa lori akanishika mkono, na leo uso wangu uko hivi kwa sababu yake. Mfuniko ule unafungia presha, ndiyo maana maji mle ndani yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua ya moto, presha inatoka, na maji yanakurukia usoni yakiwa mvuke. Tukakaa zaidi ya saa nzima tukisubiri. Wala hakuniruhusu kumwagia injini maji ya baridi, hedi ingepasuka.

Nilivyorudi mjini nikabadilishiwa rejeta. Kisha wota pampu. Kisha mota ya feni. Kila fundi alikuwa na uhakika, na kila uhakika nilinunua mimi. Maji yakazidi kupotea na chini ya gari pakavu. Fundi wa nne, mzee wa gereji ya chini ya mwembe, hakushika hata spana. Aliuliza: inachemsha kwenye foleni au kwenye mwendo? Nikamwambia, mwendo, na hasa mlima. Basi feni haihusiki, akasema, maana gari ikikimbia upepo wenyewe unafanya kazi ya feni.

Akaniambia nilaze gari pale. Alfajiri injini ikiwa baridi akafungua mfuniko, akajaza maji mpaka mdomoni, akawasha. Mapovu yakaanza kupanda, hayakomi, utadhani soda. Akafunga, akanishikisha mpira wa juu wa rejeta: umekakamaa kama fimbo wakati injini bado ya baridi. Moshi wa silinda ulikuwa unapenya kwenye maji, na maji nayo yanapenya kwenye silinda, yanatokea kwenye ekzosi. Gasketi ya hedi. Mafundi wale watatu walichomoa stiki ya oili, hawakuona rangi ya chai ya maziwa, wakasema gasketi nzima. Oili safi haikuwa ushahidi. Maji yalikuwa na njia nyingine. Hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, zikipata moto hedi inatanuka karibu mara mbili ya mwenzake; siku ile ya Kitonga ilipinda. Ikaenda kuskimiwa. Bei naomba msiniulize mbele ya watu.

Kwa hiyo leo nimemwambia jamaa aache injini ipoe, nikainama. Chini ya wota pampu kuna kitundu kidogo, na kutoka pale mchirizi mweupe wa chumvi umekauka mpaka chini. Sili imekwisha. Anajaza maji ya kisima, yale ambayo hata ukitia sabuni hayatoi povu, na kulanti hanunui kwa sababu "huku hakuna barafu". Kama kulanti kazi yake ni barafu tu! Ndiyo inayozuia kutu, na mle ndani ya rejeta yake maji yana rangi ya mchuzi wa dagaa.

Nikamwonyesha kwa kidole. Kijiwe kizima kikainama kuangalia, hata kijana wa bodaboda. Jamaa akashukuru sana, akasema "mwisho wa mwezi, kaka," akajaza maji, akarudisha dumu kwenye buti.

Leo tarehe nne.