Mgeni Rasmi Chini ya Boneti

Wengine wasifie injini. Wapo wanaosifia rimu, wapo wanaosifia muziki wa kwenye gari, na nina ndugu yangu mmoja anayeweza kuzungumzia springi za pikapu kuanzia magharibi mpaka isha. Mimi nimekuja kumsifu stata, tena si stata mzima. Namsifu yule msumbufu, ambaye asubuhi unageuza ufunguo, anajibu "ka!" mara moja, kisha kimya, kama mtu aliyeitwa akiwa msalani.

Kwanza tuelewane kuhusu cheo chake. Stata ndiye mgeni rasmi wa gari. Haji kufanya kazi, anakuja kufungua. Safari ni ya saa nane, yeye yupo sekunde mbili, na katika sekunde hizo mbili anakula kuliko wote. Taa kubwa mbili za mbele huridhika na ampia 10 hivi. Yeye anataka 150, na asubuhi ya baridi kule Makete anaomba nyongeza. Ndiyo maana anapoingia, taa za dashibodi huinamisha kichwa.

Akishafungua, anaondoka. Gia yake ndogo, bendeksi, inachomoza, meno yake tisa au kumi yanauma meno zaidi ya mia ya flaiwili, injini inazunguka, inashika moto, na papo hapo bendeksi inarudi ndani. Angekawia kidogo tu, injini iliyokwisha kuwaka ingemzungusha kwa kasi ambayo hakuumbwa nayo, mpaka nyaya zake zitoke matumbo. Mwaka jana nilihudhuria shughuli ambayo mgeni rasmi alifungua, akahutubia, akahutubia tena, kisha akaamua kuongoza majadiliano mwenyewe. Nilimkumbuka stata kwa huzuni.

Uvivu wake una nasaba. Hapo zamani injini ilizungushwa kwa hendeli, na hendeli ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma ghafla na kuvunja mkono wa bwana wake. Mota ya umeme ya kuifanya kazi hiyo ilionekana ni ndoto, kwa kuwa ingehitaji kuwa kubwa mno. Charles Kettering, wa Dayton kule Ohio, Marekani, alikuwa ameshaweka mota kwenye mashine ya kuhesabia fedha dukani, ile ambayo droo yake hufunguka kwa kishindo. Kwa hiyo alijua siri: mota ndogo hubeba mzigo wa ajabu, mradi iubebe kwa kitambo kifupi. Akaifunga garini mwaka 1911, na Cadillac za 1912 zikatoka nayo. Kutofanya kazi kwa muda mrefu, basi, ni haki aliyozaliwa nayo. Ukimshikilia kwa zaidi ya sekunde kumi mfululizo anaweza kuungua, na kosa ni lako.

Wangu amefungwa kwenye gari la mtumba, manyuo, lenye umri wa kupiga kura. Tunakaa Kimara, kwenye vilima, na kwa miezi mitatu ya ugonjwa wake nilijifunza ardhi ya mtaa wetu kuliko mpima viwanja. Najua mteremko wa kanisani unatosha gia ya pili na ule wa dukani hautoshi. Najua nani amerudi safari na nani anaumwa kiuno, maana wote niliwaita wanisukume. Vijana wa bodaboda walinyanyuka kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo mzee. Leo tena?"

"Marahaba. Leo tena, wanangu."

Swichi wazi, klachi chini, gia ya pili, wanasukuma, naachia klachi, gari linashtuka na kukohoa, wanabaki nyuma katika moshi wakipunga mikono. Mwenye otomatiki hana baraka hizi. Lake halisukumwi likawaka. Huketi ndani peke yake na kupiga simu.

Kisha kuna utii wake. Mgeni rasmi gani mwingine ukimgonga kwa spana anasimama na kutekeleza wajibu? Wangu aligongwa wiki mbili, kila asubuhi, mgongoni, na alifungua bila kinyongo. Sababu yake haina uchawi. Ndani mna vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenye kichwa cha shaba kinachozunguka. Vikilika vinakuwa vifupi, springi haivifikishi tena, na kile kishindo cha spana kinavisogeza kidogo vikaguse. Wiki ya tatu hakukuwa na kilichobaki cha kusogezwa.

Na ni msema kweli. "Ka!" moja nzito maana yake swichi yake imevuta lakini umeme haufiki ndani. "Tatatata" kama kuku anayedonoa bati, hapo betri ina njaa. Akivuma "wiii" na injini imelala, bendeksi haiumi. Nani serikalini anakueleza tatizo lake kwa ufasaha huo?

Nakiri, mara ya kwanza sikumsikiliza. Alisema "tatatata", mimi nikamng'oa. Nilitumia Jumamosi nzima kumchunguza mtu asiye na hatia, kumbe terminali za betri zilikuwa zimeota ukoko wa kijani na mweupe. Mke wangu alitia kijiko cha magadi ya maharage kwenye maji ya moto, akanipa na mswaki wa zamani. Povu likapanda, ukoko ukaisha, gari likawaka. Sikuzungumza mpaka usiku.

Mara ya pili alikuwa mgonjwa kweli. Unaanza kwa kufungua hasi ya betri, spana namba 10, na anayeona hatua hiyo ni ya waoga hajawahi kugusisha spana kati ya waya mnene wa stata na bodi. Jeki, kisha stendi. Matofali ni ya kujengea. Nilijilaza chini kwenye kipande cha boksi. Nati ya waya mnene, namba 12, ilitoka kwa adabu. Boliti ya chini, namba 14, ikatoka. Ya juu haionekani. Inatafutwa kwa vidole, jicho likiwa limefumbwa kwa sababu tone la oili limekwisha kuangukia, na ulimi umetoka nje kidogo, sijui kwa nini, lakini bila ulimi haifunguki. Kijana wangu alishika tochi, akimulika kila mahali isipokuwa hapo. Boliti ilipoachia, mgeni rasmi alishuka kwa uzito wake wote juu ya kifua changu.

Nilimtoa nje nikiwa nimemfunga kwenye kipande cha kanga, mzito kama mtoto mchanga. Tulimfungua juu ya gazeti. Kaboni nne zilikuwa zimebaki kama kucha, amecha imepakaa masizi. Mpya nilizipata Kariakoo kwa bei ya chai na chapati za watu wawili. Stata mzima wa mtumba angenigharimu ada ya muhula. Nikasugua shaba kwa msasa laini, nikachokoa vumbi kwenye mifereji yake kwa sindano, nikatia mafuta kidogo kwenye bushi. Bendeksi niliifuta tu. Ukiipaka grisi nyingi, vumbi linaganda na inashindwa kurudi.

Kabla ya kumrudisha tulimjaribu kwa waya za betri. Nilimweka mezani. Nilipogusisha waya mdogo, aliruka, akapinduka, akaangusha sufuria la uji, bendeksi imetoka nje kama ulimi wa mtu anayetania. Kijana wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mara ya pili nilimlaza sakafuni na kumkanyaga kwa kiatu, kama mafundi wafanyavyo.

Jumatatu nilipotoka, vijana walikuwa wameshanyanyuka na kukung'uta mikono. Niligeuza ufunguo. Injini ikawaka hata kabla sijajiandaa. Vijana wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakarudi kukaa juu ya pikipiki zao, na yule mdogo akanipungia mkono kama anavyompungia abiria wa basi la mkoani.

Jioni, niliporudi, nililiegesha gari likiwa limeelekea mteremkoni.